Maisha ya U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa Burma

Wazee wengi wa nchi zetu walilijua jina la Burma kwa sababu ya vita. Askari wa Keya kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipelekwa huko kupigana na Wajapani, na mwaka wa 1944 walipita katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, penye matope, mbu na malaria. Waliorudi waliwasimulia watoto wao, na habari hizo zikatufikia hata sisi vitukuu. Basi mimi nilipokuwa mdogo, kila niliposikia Burma nilifikiri mizinga tu.

Muhula huu mwalimu wetu wa Historia alimtaka kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne achague mtu mmoja mashuhuri aliyefariki zamani, aandike maisha yake. Wenzangu wengi wamechagua majemadari na marais. Mimi nimemchagua karani wa hesabu wa nchi hiyohiyo ya Burma, na bwenini wamenicheka sana. Lakini ninayo sababu. Baba yangu naye ni karani wa hesabu, katika ofisi ambayo sitaitaja. Mwaka jana aliletewa karatasi atie sahihi kwamba mifuko ya saruji imepokelewa, naye hakuuona hata mmoja. Akakataa. Tangu siku hiyo wenzake humsalimu kwa shingo upande, na alipokuja kunitembelea siku ya wazazi nilimwona amekonda. Aliniambia kwamba usingizi umempotea. Nikaanza kujiuliza kama mtu aweza kushika kalamu kwa haki katika ofisi, katikati ya watu wasiomtakia mema, na bado moyo wake ukawa mtulivu. Wapo wasemao kwamba utulivu wa namna hiyo ni wa watawa waliojitenga na dunia. U Ba Khin hakujitenga na dunia hata siku moja. Alikuwa na mke na watoto, bosi wa kumwogopa, na baadaye makarani wengi wa kuwasimamia. Ndiyo maana nimemchagua.

Kwanza nieleze jina. Nchi ya Burma siku hizi yaitwa Myanmar, na mji wa Rangoon waitwa Yangon, lakini nitatumia majina ya zamani kwa kuwa ndiyo aliyoyajua yeye. Na hiyo herufi U si sehemu ya jina lake. Ni neno la heshima apewalo mwanamume mtu mzima huko Burma, kama sisi tusemavyo Mzee au Bwana. Wanafunzi wake walimwita Sayagyi, maana yake mwalimu mkubwa.

Alizaliwa mjini Rangoon tarehe 6 Machi, 1899, katika familia ya watu wa kipato kidogo. Burma wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza, nao waliitawala kama jimbo mojawapo la India. Alipokuwa na umri wa miaka minane aliingizwa katika shule ya wamisionari wa Kimethodisti, kisha akaendelea katika shule ya St. Paul's. Alikuwa mwanafunzi hodari. Mwaka wa 1917 alifaulu mtihani wake wa mwisho vizuri hata akapewa nishani ya dhahabu pamoja na msaada wa kwenda chuo.

Hapa yapasa nisimame kidogo, maana sisi wa Kidato cha Nne tutalielewa jambo hili kuliko wengine. Kijana ana nishani mkononi, na nafasi ya chuo imekwisha kupatikana, lakini hakwenda. Nyumbani kulikuwa na haja ya fedha, ikambidi atafute kazi. Aliajiriwa kwanza na gazeti moja la Kiburma liitwalo The Sun, na baada ya muda akaingia katika ofisi ya Mhasibu Mkuu wa Burma kama karani. Waburma waliokuwamo katika ofisi hiyo walikuwa wachache, kwa sababu kazi nyingi za serikali zilishikwa na Waingereza na Wahindi. Karani kijana wa Kiburma asiye na shahada hakuwa na mtu wa kumshika mkono. Basi akasoma peke yake baada ya kazi, na mwaka wa 1926 akafaulu mtihani wa wahasibu wa serikali. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu apewe ile nishani.

Kabla sijaendelea na kazi yake yafaa nieleze habari za dini yake, maana hapa shuleni petu tuko Waislamu na Wakristo, na wengi wetu hatumjui Buddha ila kwa sanamu zilizo katika picha. Buddha alikuwa mwana wa mtawala, jina lake Gotama, aliyeishi India ya kaskazini yapata miaka 2500 iliyopita. Aliacha nyumba ya baba yake atafute sababu ya mateso ya wanadamu. Alifundisha kwamba mateso yetu mengi huletwa na tamaa na chuki, maana tunavitaka vitu vidumu navyo havidumu, na tunayakimbia mengine nayo hayakimbiliki. Tena alifundisha njia ya kuuzoeza moyo, yaani kutafakari, ili mtu aone jambo hilo ndani yake mwenyewe, asiliamini kwa kusikia tu.

Lakini kwa karne nyingi njia hiyo ya kutafakari ilishikwa zaidi na watawa. Watu wa kawaida walitoa sadaka ya chakula, wakaenda hekaluni, wakashika sikukuu. Mkulima au mfanyabiashara hakudhani kwamba yeye naye aweza kuketi na kuuchunguza moyo wake. Mambo yaligeuka baada ya Waingereza kuiteka Burma ya juu mwaka wa 1885 na kumhamisha mfalme. Watu waliona hofu, maana mfalme ndiye aliyekuwa mlinzi wa dini. Mtawa mmoja mwenye elimu kubwa, Ledi Sayadaw, aliyeishi tangu mwaka wa 1846 hata 1923, alizunguka nchini akiwafundisha hata watu wasio watawa, na kuwaandikia vitabu kwa Kiburma chepesi.

Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mkulima, jina lake Saya Thetgyi, wa kijiji cha Pyawbwegyi. Habari za mkulima huyu zinasikitisha. Mwaka wa 1903 kipindupindu kiliingia kijijini kwao, na katika siku chache kikamchukua mtoto wake wa kiume na binti yake aliyekuwa kijana. Huzuni ilimfukuza nyumbani, akazunguka nchi akitafuta kitu cha kumtuliza, mpaka akafika kwa Ledi Sayadaw. Alikaa kwake miaka kadhaa. Aliporudi kijijini, Ledi Sayadaw alimruhusu afundishe wengine, ingawa hakuwa mtawa. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wa karani wetu.

Ilitukia hivi. Tarehe 1 Januari, 1937, mwanafunzi mmoja wa Saya Thetgyi alimtembelea U Ba Khin, akamweleza mwanzo wa kutafakari, yaani kuitazama pumzi ikiingia na kutoka puani. U Ba Khin akajaribu, akaona moyo wake umetulia mara moja kwa namna ambayo hajapata kuiona. Alikuwa na umri wa miaka 37. Hakusema atakwenda akistaafu, wala hakungoja sikukuu. Aliomba likizo ya siku kumi, na baada ya juma moja tu akaondoka Rangoon kwenda Pyawbwegyi.

Kijiji hicho hakiko mbali, ni kama maili nane tu kusini ya mji, ng'ambo ya mto. Lakini maili hizo zilikuwa majaruba ya mpunga yenye maji na tope. U Ba Khin alikodi mashua ndogo, na kwa bahati mbaya maji yalikuwa yamekupwa, hata mwenye mashua akaweza kumfikisha nusu ya njia tu. Akapanda ukingoni huku miguu inazama katika tope mpaka magotini. Sehemu iliyobaki aliikata kwa miguu katikati ya mashamba. Hebu mfikirieni huyo bwana wa ofisini, aliyezoea meza na wino, anatokea kijijini kwa mkulima na miguu yake imegandamana tope. Usiku uleule mkulima akaanza kumfundisha.

Nitaeleza alichofundishwa, maana bila hicho maisha yake hayaeleweki. Mwanafunzi kwanza huahidi mambo matano: kutoua, kutoiba, kutofanya zinaa, kutosema uwongo, na kutokunywa vileo. Kisha huketi kimya, macho amefumba, na kuitazama pumzi yake pale inapogusa tundu za pua na mdomo wa juu. Haihesabu wala haivuti kwa nguvu. Huitazama tu. Moyo ukikimbia, naye huurudisha bila kugombana nao. Hiyo ni kazi ya siku za kwanza. Moyo ukiisha kutulia, huanza sehemu ya pili iitwayo vipassana, maana yake kuona mambo yalivyo. Hapo mtu huupitisha moyo katika mwili wote, toka utosini hata vidoleni, akiangalia kila hisia anayoipata: joto, baridi, mwasho, ganzi, maumivu ya goti. Asichukie maumivu, wala asipendelee raha. Aangalie tu jinsi kila moja inavyozuka na kutoweka. Hali hiyo ya kutodumu yaitwa anicca katika lugha ya vitabu vya kale vya Wabuddha, na neno hilo U Ba Khin alilifanya kuwa msingi wa mafundisho yake yote.

Nami nilijaribu hiyo sehemu ya kwanza, juu ya kitanda changu, baada ya kengele ya kulala. Pumzi ya tatu ilikuwa haijaisha, tayari nilikuwa nawaza ugali wa kesho na deni la mia tano alilonikopa jirani yangu. Nilirudi puani. Nikatoka tena. Siwezi kusema kwamba nimepata utulivu wowote, lakini nimegundua kwamba moyo wangu hauketi mahali pamoja hata kwa dakika moja, na jambo hilo sikulijua.

Msomaji aweza kuuliza, je, kuangalia mwasho wa goti kwamsaidiaje mtu ofisini? Nilivyofahamu mimi ni hivi. Hasira haianzii mdomoni. Mtu akikutukana, kwanza mwili hugeuka: kifua hupata joto, pumzi huwa fupi, mikono hutetemeka. Kisha ndipo maneno hutoka. Aliyezoea kuangalia mwili wake ataliona lile joto lilipoanza, na atajua kwa mazoea kwamba litapita kama lilivyopita lile la jana. Kwa hiyo anapata nafasi ndogo ya kuchagua la kusema. Na hofu ni vivyo hivyo, na tamaa ya bahasha iliyowekwa chini ya faili ni vivyo hivyo. U Ba Khin aliona kwamba mtu mwenye shughuli nyingi ndiye mwenye haja zaidi na njia hii, kwa kuwa mtawa aliyeko msituni hatukanwi mara nyingi kama karani.

Mwaka huohuo wa 1937 Burma ilitengwa na India, nayo ofisi ya hesabu ikapangwa upya. U Ba Khin akapandishwa cheo, akawa msimamizi wa ofisi. Aliendelea kwenda kwa Saya Thetgyi kila alipopata nafasi, lakini hakufikiria kwamba yeye mwenyewe atafundisha. Alijiona mwanafunzi tu.

Mwaka wa 1941 alikuwa katika idara ya hesabu ya reli. Kazi yake ilikuwa kusafiri na kukagua vitabu vya stesheni moja baada ya moja, akilala katika behewa lake maalumu. Safari moja, kwa makosa ya watu wa reli, behewa lake likaachwa katika stesheni ya Kyaukse, kusini ya Mandalay, mahali ambapo hakupangiwa kusimama. Mkaguzi mwingine angeligombeza stesheni nzima. Yeye alikagua hesabu za hapo maadamu amefika, na alipomaliza akauliza habari za kilima kilichokuwa karibu, maana alisikia kwamba kuna mtawa aitwaye Webu Sayadaw anayekaa peke yake huko. Akapanda kilima pamoja na mkuu wa stesheni.

Mtawa huyo alikuwa na desturi ya kujifungia ndani akitafakari, wala hakupenda kuonana na watu. Hata hivyo alifungua mlango. Walizungumza, na mtawa akashangaa kwamba mtu aliyevaa nguo za kiraia, mwenye kazi ya serikali, amefika mbali namna ile katika kutafakari. Akamtaka aanze kufundisha, na asingoje. U Ba Khin aliona shaka, lakini mtawa alikaza. Basi aliporudi stesheni akamfundisha mtu mmoja wa stesheni ileile, humohumo ndani ya behewa. Hivyo darasa lake la kwanza lilikuwa juu ya reli, na lilitokana na behewa lililosahauliwa.

Vita vikaja, Wajapani wakaitawala nchi, kisha wakaondolewa. Tarehe 4 Januari, 1948, Burma ikapata uhuru, na karani wa zamani asiye na shahada akateuliwa kuwa Mhasibu Mkuu wa kwanza wa Burma huru.

Hali ya nchi ilikuwa mbaya. Kiongozi wa kupigania uhuru, Aung San, alikuwa ameuawa pamoja na mawaziri wenzake mwezi wa Julai, 1947, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mapema baada ya uhuru. Fedha za serikali zilikuwa chache na wenye kuzitolea macho walikuwa wengi. Mlungula ulikuwa umeenea maofisini. Mhasibu Mkuu mpya angeweza kutoa waraka mkali, kama wafanyavyo wakubwa wengi, na waraka ungetundikwa ukutani mpaka uwe manjano. Yeye alitenga chumba katika ofisi yake kiwe cha kutafakari. Mwaka wa 1950 akaanzisha chama cha vipassana cha Ofisi ya Mhasibu Mkuu, na waliojifunza humo wengi walikuwa makarani na maofisa wake mwenyewe. Nafikiri hakuna ofisi nyingine ya hesabu duniani wakati ule iliyokuwa na jambo kama hilo.

Wala msidhani kwamba alikuwa mpole wa kuchekacheka. Waliomjua walisimulia kwamba alikuwa mkali sana juu ya uvivu na udanganyifu, na sauti yake ikipanda watu walitetemeka. Lakini dakika ile aliyokwisha kumkaripia mtu, uso ulirudi kuwa mkunjufu, wala hakuweka kinyongo. Jambo hili limenifikirisha. Nilidhani mtu anayetafakari hanyanyui sauti kamwe. Kumbe alichokiacha ni chuki. Ukali wa kazi alibaki nao.

Mwaka wa 1951 watu fulani wa Rangoon, wengi wao wageni, walimwomba awaeleze dini ya Buddha ni kitu gani. Akatoa hotuba zake katika kanisa la Kimethodisti la mji huo. Nimefurahi kulikuta jambo hili, maana Wamethodisti ndio waliomfundisha kusoma.

Mwaka wa 1952 ulifunguliwa mahali pake pa kufundishia, yaani Kituo cha Kimataifa cha Kutafakari, juu ya kilima kidogo yapata maili mbili kaskazini ya Shwedagon, ile pagoda kubwa ya dhahabu ya Rangoon. Pagoda ya kituo ilikuwa ndogo, yenye chumba kimoja katikati na vyumba vinane vidogo kukizunguka, ili mwalimu akae katikati na wanafunzi wakae pembezoni kila mtu peke yake. Mafunzo yalikuwa ya siku kumi, kwa sababu siku kumi ndizo ambazo mfanyakazi aweza kuziomba likizo bila kupoteza kazi. Kwa Wabuddha wa kale siku kumi ni kitu kidogo mno. Lakini U Ba Khin aliwafundisha watu wenye saa ukutani na mshahara mwisho wa mwezi, naye aliyajua maisha hayo kwa kuwa ndiyo yake.

Alistaafu kazi ya Mhasibu Mkuu mwaka wa 1953, lakini serikali haikumwachia. Alipewa idara hii na ile, na mara nyingine alishika nafasi tatu au nne za ukuu wa idara kwa wakati mmoja. Katika kazi hizo, moja ndiyo iliyonifanya nimfikirie baba yangu.

Burma wakati huo iliishi kwa mchele, na biashara ya kuuza mchele nje ilikuwa mikononi mwa halmashauri ya serikali ya kuuza mazao. U Ba Khin alitiwa katika kamati ya kuichunguza halmashauri hiyo. Aliandika taarifa bila kuficha, akaeleza uzembe na ulaji uliokuwamo. Taarifa hiyo iliwachukiza wafanyabiashara na baadhi ya wanasiasa. Serikali ikamtaka yeye mwenyewe awe mwenyekiti wa halmashauri ili aisafishe, naye akakubali kwa sharti kwamba asiingiliwe na mtu wa nje. Siku ya kuingia ofisini, maofisa wakubwa wakagoma. Walidhani kwamba hawezi kuendesha shirika kubwa namna ile bila wao, na kwamba baada ya siku chache atawabembeleza.

Hakuwabembeleza. Aliwakusanya makarani wadogo waliobaki, akaendesha kazi nao. Majuma yakapita, kisha miezi, na mchele ukaendelea kuuzwa. Mwishowe wagomaji wenyewe ndio waliorudi kuomba kazi, bila masharti. Sijui moyoni mwake siku hizo kulikuwa na nini, maana mtu aliyezungukwa na uadui wa namna hiyo lazima apate joto la kifua kama mwingine yeyote. Lakini twajua kwamba asubuhi na jioni aliketi chini, akafumba macho.

Katika miaka hiyohiyo alisaidia pia katika kutayarisha Mkutano Mkuu wa Sita wa Wabuddha, uliofanyika Rangoon tangu mwaka wa 1954 hata 1956, ambapo watawa kutoka nchi mbalimbali walivisoma na kuvisahihisha vitabu vitakatifu vya dini yao.

Mwaka wa 1955 alifika kituoni mfanyabiashara tajiri wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa Mandalay, jina lake S. N. Goenka. Alikuwa akiumwa kichwa vibaya mno, hata madaktari wakawa wanamtuliza kwa dawa kali ya mofini, naye akaogopa kuwa mtumwa wa dawa hiyo. Alikwenda mpaka Ulaya, Marekani na Japani kutafuta tiba, asipone. Alipomwomba U Ba Khin amfundishe ili kichwa kipone, U Ba Khin alimkatalia. Alimweleza kwamba njia hii si dawa ya kichwa, na kama hilo ndilo alitakalo aende hospitali. Lakini kama ataka kuuchunguza moyo wake, karibu. Goenka, aliyekuwa mshika dini wa Kihindu, aliogopa pia kwamba atageuzwa dini. Alisitasita kwa muda, kisha akaja, akakaa siku zake kumi. Akaendelea kuwa mwanafunzi wa U Ba Khin kwa miaka 14, na biashara yake hakuiacha upesi, wala mwalimu hakumtaka aiache.

Wageni wa Ulaya na Marekani nao walianza kufika. U Ba Khin alitamani sana kwenda kufundisha nje ya Burma, hasa India, kwa sababu mafundisho yalitoka huko yakapotea huko. Lakini tarehe 2 Machi, 1962, jeshi chini ya Jenerali Ne Win lilitwaa serikali, na njia za kutoka zikafungwa. Wageni nao wakapewa siku chache tu za kukaa nchini. Mtu aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa nchi hakuweza kupata ruhusa ya kusafiri kwenda kufundisha.

Mwaka wa 1969 Goenka alipata pasi ya kwenda India, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa huko. U Ba Khin akamteua rasmi kuwa mwalimu na kumtuma badala yake. Mwezi wa Julai mwaka huo Goenka alifundisha darasa lake la kwanza mjini Bombay, akiwamo mama yake mwenyewe miongoni mwa wanafunzi wachache.

U Ba Khin alifariki Rangoon tarehe 19 Januari, 1971, baada ya kupasuliwa hospitalini. Alikuwa na umri wa miaka 71.

Kutoka darasa lile la Bombay njia yake ilienea katika nchi nyingi, na mwezi wa Aprili, 1994, wafungwa wapatao elfu moja waliketi pamoja kutafakari katika gereza la Tihar mjini Delhi. Mafunzo yanayotolewa kwa kufuata njia yake hadi leo huanza kwa pumzi, nayo huchukua siku kumi, sawa na ile likizo aliyoomba mwaka wa 1937. Baba nimemwandikia barua kumweleza habari hizi zote, isipokuwa ile ya deni la mia tano.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne